Perege wa Wami na mkeka wa herufi bilioni moja

Siku tuliyovua bwawa la pili pale Kiromo, mama mkubwa alikuwa ameshawasha moto. Karai lipo, mafuta yapo, ndimu zimekatwa. Miezi minane nilikuwa nawalisha wale samaki pumba, mashudu na dagaa wa kusaga, alfajiri na jioni, na kila nilipowarushia chakula niliona migongo mipana ikipasua maji. Wavu wa kukokota ulipopita mara ya kwanza ulileta samaki wa kujaza kiganja. Tukapiga vigelegele. Ulipopita mara ya pili na ya tatu ukaanza kuja umejaa vitu vinavyometameta kama dagaa. Hawakuwa dagaa. Walikuwa watoto wa samaki niliowaweka, na wajukuu zao, wote wamedumaa kwenye urefu wa kidole cha kati.

Bwawa lile lina mita 20 kwa 15. Nilipandikiza vifaranga 1,500, kila kimoja shilingi 150, na aliyeniuzia aliniambia kwa mdomo wake, "Hawa madume watupu dada, wewe lisha tu." Hesabu yangu ilikuwa kilo 300 hivi. Nilipata kilo 71 za kuuza, na ndoo tisa za vidole. Ndoo mbili nikawagawia majirani, nyingine tukawakausha kwa ajili ya kuku. Mama mkubwa aliwakaanga wale wanene kimyakimya, na alipomaliza akaniwekea sahani yangu, akasema, "Kula kwanza." Nilipompigia simu yule muuzaji akaniambia tatizo ni maji yangu.

Maji yangu hayana uwezo wa kumgeuza dume akazaa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufuga perege, nieleze kidogo. Perege jike huanza kutaga mapema mno, wakati mwingine miezi mitatu au minne tu, hata kabla hajafika uzito wa kuuzika. Akishataga, huyabeba mayai mdomoni, na watoto wakitoka anaendelea kuwalinda humohumo mdomoni. Siku zote hizo hali kitu cha maana. Kwa hiyo hakui. Wakati huohuo watoto wake wanakula chakula ulichonunua kwa pesa yako, na wao baada ya miezi michache wanataga. Bwawa linajaa samaki wasiokua. Ndiyo maana kila mfugaji anatafuta madume, kwa kuwa dume chakula chake kinakwenda kwenye nyama.

Njia ya kuwapata iliyoenea ni kuwalisha vifaranga chakula chenye homoni ya kiume kwa wiki tatu au nne za mwanzo, tangu wanapoanza kula. Ikifanywa kwa uangalifu inafanya kazi vizuri. Ikifanywa kwa haraka, au vifaranga waliokwisha pita umri wakichanganywa na wadogo, unauziwa majike ukiambiwa ni madume, na kwa macho huwezi kujua, maana kifaranga cha gramu moja hakijaandikwa usoni kama ni huyu au yule.

Wiki mbili baada ya msiba ule wa ndoo tisa alikuja mtoto wa marehemu dada yangu. Anasoma mambo ya samaki chuoni, na alikuwa njiani kwenda Matipwili kwa mjomba wangu, ambaye kwake yeye ni babu, kuchukua sampuli kutoka Mto Wami. Alinikuta nimekaa kwenye ukingo wa bwawa tupu. Akanisalimia, akachukua samaki mmoja kwenye beseni la maji, akamfungua mkia kama mtu anayefungua feni ya ukili.

"Mama mdogo, ona. Huyu mkia una mistari ya kusimama. Huyu sato, perege wa Nile. Mwenzake hana. Hapa hawajakuuzia mbegu moja."

Nikamwuliza inajulikanaje kwa uhakika. Akasema kwa mkia huwezi kuhakikisha kila mara, hasa wakishachanganyika, ila kwa vinasaba unaweza. Akatoa kimkasi na vichupa vyenye spiriti, akamkata yule samaki kipande cha pezi kidogo kuliko ukucha wa mtoto, akamrudisha majini, akaogelea kana kwamba hakuguswa. Akafanya hivyo kwa samaki 20. Nikasema kesho nakwenda nawe Wami.

Tulitoka Bagamoyo asubuhi na deli la barafu limefungwa nyuma ya pikipiki ya pili. Tukavuka Ruvu, tukapita Makurunge, na mbele ya hapo njia ikawa ile ninayoikumbuka tangu utoto, vumbi jekundu na mivumo. Mjomba alitupokea kivulini. Ana umri wa miaka 70 na ushei, mkwere wa huko, na amevua mto ule tangu hajaota ndevu: migono, mshipi, kimia. Nilipompa shikamoo aliniitikia marahaba kisha akamgeukia mjukuu wake, "Na wewe bwana daktari wa perege, leo umekuja na nani wa kukushikia mamba?"

Wami pale ni mpana, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mamba hawatajwi kwa utani. Mjomba alikuwa ametega migono tangu jana yake kwenye kijito cha pembeni. Mgono wa tatu ndio uliomtoa yule samaki. Dume aliyekomaa, mweusi kama masizi ya chungu, na kwenye ukingo wa pezi la mgongo na wa mkia amepakwa wekundu, kama kanga yenye pindo. Nimewaona perege wengi maishani mwangu, sokoni, karaini, bwawani. Sikuwa nimewahi kumwona huyu akiwa hai mkononi. Mkia wake haukuwa na mistari.

"Huyu ndiye perege wetu," mjomba akasema. "Tulipokuwa watoto ulikuwa huulizi perege gani. Siku hizi nikitega napata huyu, napata mwenye mistari, halafu napata ambaye si huyu wala si yule. Huyo wa tatu ndiye ananitia mashaka."

Yule kijana akawa anaandika kila neno. Nilimwona amefurahi, nami nikafurahi kwa ajili ya mjomba, kwa sababu miaka yote hii alikuwa akiyasema hayo hakuna aliyeyachukulia kama elimu.

Usiku, baada ya ugali na perege wa nazi, ndipo yule kijana aliponisimulia jambo lililoninyima usingizi.

Miaka ya 1950 mwishoni, huko Malacca, kwenye Malaya ya wakati ule, Mwingereza mmoja aitwaye Hickling alikuwa akichunguza ufugaji wa perege. Alikuwa na perege wa Msumbiji, wale waliokwisha enea Java, na akaletewa wengine kutoka Zanzibar. Akapandisha dume wa Zanzibar na jike wa Java. Watoto wakatoka madume. Si wengi wao, wote. Akayachapisha mwaka 1960. Baadaye ikafahamika kwamba wale samaki wa Zanzibar asili yao ni bara, Mto Wami, na mwaka 1966 Ethelwynn Trewavas, mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya London, akampa jina la kitaalamu, hornorum. Hadi leo wapo wanaomweka peke yake na wapo wanaomhesabu kuwa tawi la perege wa Rufiji, urolepis. Lakini vitabu vya wafugaji duniani vinamwita perege wa Wami.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Samaki ambaye damu yake inazaa madume watupu bila homoni, anayetafutwa na kutajwa kwenye vitabu vya mataifa, ndiye yule aliyekuwa kwenye mgono wa mjomba wangu asubuhi ile, na nusu yake ilikuwa kwenye bakuli mbele yetu.

Sababu yake ni nzuri mno kuiacha. Sato, na yule perege wa Msumbiji, jinsia yao hupangwa kama yetu binadamu: jike ana kromosomu, yaani nyuzi za vinasaba, X mbili, dume ana X na Y. Perege wa Wami yeye yuko kama kuku. Dume ana Z mbili, na jike ndiye mwenye Z na W. Sasa chukua jike wa sato, ambaye hana cha kutoa ila X, umpe dume wa Wami, ambaye hana cha kutoa ila Z. Kila mtoto atakuwa na X na Z, na mwenye X na Z huwa dume. Hakuna Y iliyohusika, hakuna W ya kumfanya mtu jike. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria: "Na kama huyo dume wa Wami babu yake alikuwa na mistari mkiani?"

Yule kijana akasema, "Hapo ndipo mahali penyewe, babu."

Maana hesabu hii inatimia wazazi wakiwa safi. Jike wa sato akiwa na damu ya wengine, au dume wa Wami akiwa chotara, majike yanaanza kujitokeza, kidogo kidogo, mpaka unarudi kwenye ndoo tisa. Na hata wazazi wakiwa safi, jinsia ya samaki ina mengine yanayoisukuma. Vifaranga vya sato wakikaa kwenye maji ya moto sana siku zao za mwanzo, nyuzijoto 36 hivi, wenye X mbili wanaweza kugeuka madume. Lakini msingi ni usafi wa mbegu, na usafi wa mbegu siku hizi hauonekani kwa jicho, hata jicho la mjomba. Unasomwa.

Ndipo nikamtaka anieleze huko kusoma kukoje, na alihangaika kidogo mpaka nilipomsaidia kwa mkeka.

Marehemu bibi alikuwa msusi. Mkeka hausukwi mzima kwa mara moja. Unasuka ukili, utepe mrefu wa miyaa, dhiraa kwa dhiraa, kisha unaushona ukingo kwa ukingo mpaka mkeka unatimia. Jenomu, yaani vinasaba vyote vya kiumbe kwa pamoja, kwa sato ni ukili wenye herufi kama bilioni moja, za aina nne tu, A, T, G na C, uliogawanyika katika jozi 22 za kromosomu. Hakuna mashine inayoweza kuusoma wote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo wanachukua ukili mwingi wa samaki yuleyule, wanaukatakata ovyo vipande vidogo vidogo, wanasoma kila kipande, kisha kompyuta inatafuta vipande ambavyo ncha zake zina nakshi moja. Ncha ya hiki ikifanana na ncha ya kile, vinaunganishwa. Mamilioni kwa mamilioni.

Taabu iko hapa. Bibi akipaka rangi, kila sehemu ya ukili ina nakshi yake, kuunganisha ni rahisi. Lakini kuna sehemu za jenomu ambazo ni marudio matupu, kama ukili mweupe usio na rangi. Ukiwa na vipande vifupi vyeupe mia, utajuaje kipi kinamfuata kipi? Mkeka unabaki na matundu. Na katika ukoo huu wa perege, sehemu zinazohusika na jinsia zimejaa marudio, kwa hiyo matundu yalikuwa palepale tulipotaka kupaona sisi wafugaji.

Jenomu ya sato ilichapishwa mwaka 2014, pamoja na za ndugu zake wanne wa maziwa makuu, kazi iliyoongozwa na Taasisi ya Broad ya Marekani. Nilipoambiwa majina ya hao wanne nilisimama kwenye mmoja: Pundamilia nyererei. Samaki mdogo wa Ziwa Victoria, ghuba ya Mwanza, aliyepewa jina mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Mjomba aliposikia aliinua kofia.

Miaka mitatu baadaye, 2017, sato akasomwa upya kwa mashine zinazosoma vipande virefu, maelfu ya herufi kwa mkupuo mmoja. Samaki aliyetumika alikuwa jike mwenye X mbili wa mbegu maalumu, iliyozalishwa hivi kwamba nakala mbili za kila kromosomu zake zinafanana kabisa, ili kompyuta isichanganye ukili wa baba na wa mama. Ukili mrefu unavuka sehemu nyeupe na kushika nakshi huku na huku. Matundu mengi yakazibika, na maeneo mawili yanayopanga jinsia yakaonekana vizuri. Hapo katikati, mwaka 2015, watafiti walikuwa wamekwisha onyesha kwamba katika mbegu ya sato waliyoichunguza, nakala ya jeni iitwayo amh iliyoko kwenye Y ndiyo inayomfanya awe dume.

Faida kubwa ya mkeka mmoja uliotimia ni kwamba ya pili na ya tatu haikugharimu kama ya kwanza. Ukiwa nao, unaweza kusoma perege wa Wami, wa Rufiji, wa Korogwe, kwa vipande vya bei nafuu, ukivilaza juu ya ule wa sato kuona wapi wanatofautiana. Ndivyo ilivyofanyika. Watafiti wa Taasisi ya Earlham ya Uingereza pamoja na wenzao, wakiwemo wa TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, walisoma jenomu za aina nyingi za perege, na mwaka 2022 wakatoa orodha fupi ya alama za vinasaba zinazotosha kumtambua kila mmoja na kumfichua chotara. Huhitaji kusoma herufi bilioni ili kumjua samaki wako. Unauliza mahali pachache palipochaguliwa vizuri, na kipande cha pezi kinakujibu.

Hapa nitamtaja kidogo silikanti, yule samaki wa kale wa kilindini, kwa sababu kila nikizungumza habari za vinasaba vya samaki na watu wa pwani hii wanamkimbilia yeye. Sawa, wenzetu wa Tanga wana haki ya kujivunia, tangu miaka ya 2000 nyavu za kilindini zilipoanza kumtoa, na hifadhi yake ipo, na jenomu yake ilichapishwa 2013 dunia nzima ikashangaa. Lakini silikanti haliwi. Perege ndiye anayelisha watu. Sato peke yake duniani hufugwa zaidi ya tani milioni 4 kwa mwaka, katika nchi nyingi, China ikiongoza, na asili ya mababu zao ni Afrika.

Jambo hilo linaniuma na sitalificha. Ile mbegu ya sato inayosifiwa sana kwa kukua haraka, inayoitwa GIFT, ilianza kutengenezwa Ufilipino mwaka 1988, na miongoni mwa wazazi wake walikuwa samaki wa mwituni waliochukuliwa Misri, Ghana, Kenya na Senegal. Walichagua, wakapandisha, wakachagua tena, kazi ya kizazi baada ya kizazi, na siwanyimi sifa yao. Ninachosema ni kwamba ghala ya kuchagulia lilikuwa hapa, kwenye mito na maziwa yetu. Siku mbegu ya bwawani ikipatwa na ugonjwa mpya, au maji yakizidi chumvi, au joto likipanda, watarudi kwenye ghala. Perege wa ukoo wa urolepis anastahimili chumvi vizuri; Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar imeshafanya majaribio ya kumpandisha dume wake na jike wa sato na kuwakuza chotara kwenye maji ya chumvi. Fikiria hilo kwa mtu wa Mlingotini au Saadani, ambaye kisima chake cha mita tatu kinatoa maji ya magadi.

Na ghala linavuja. Mwaka 2018 vinasaba vilithibitisha kwamba urolepis wa Tanzania anachanganyika damu na wageni wawili, sato na yule mwenzake leucostictus ambaye asili yake ni maziwa ya Edward na Albert. Mwaka 2019 watafiti walionyesha jinsi wageni hao walivyokwisha enea kwenye mito na mabwawa mengi ya nchi. Mwaka 2021 ikaonekana habari hiyohiyo kusini, kwenye maziwa ya Lindi kama Rutamba, ambako kulikuwa na perege wa Korogwe asiyedhaniwa kabisa kuwa huko. Amegunduliwa na kukutwa tayari anachanganyika. Wazee wa Ziwa Victoria wanaijua hadithi hii kwa jina la ngege, perege wao wa asili. Sato alipelekwa kwao miaka ya 1950, na ngege aliyekuwa akijaza mitumbwi sasa unamtafuta kwenye viziwa vya pembeni.

Haikuwa hila ya mtu. Ni watu kama mimi. Masika inafurika, ukingo wa bwawa unabomoka, samaki wanakwenda mtoni. Au mtu anamaliza kuvua na kumwaga vidole vyake kwenye kijito kwa huruma. Zile ndoo tisa, mbili nilizogawa, kuna jirani aliyeniambia amewamwaga kwenye mfereji "wakue". Mfereji ule unakwenda kwenye bonde la Mpiji. Nililala siku mbili nikiuwaza.

Na chotara wa perege si kama nyumbu wa punda na farasi. Anazaa. Kwa hiyo hata ile njia ya Hickling inayonivutia hivi, ya kupata madume bila homoni, ikifanywa na mtu asiyelinda maji yake inaweza kuua mbegu ileile inayoitegemea. Mtu anataka madume wa Wami kwa ajili ya bwawa lake, anawapandisha na sato, samaki wake wanatoroka, baada ya miaka kadhaa akirudi mtoni kutafuta dume safi anampata yule wa tatu wa mjomba.

Nimeamua mambo yangu. Bwawa la kwanza nimeliacha na sato tu. Tundu la kutolea maji nimelifunga wavu wa matundu madogo, tabaka mbili, na ukingo wa upande wa mfereji nimeuinua kwa viroba vya mchanga. Yule muuzaji sinunui tena kwake. Anayetaka kuniuzia vifaranga sasa namwuliza wazazi wake wametoka wapi, na kama hajui namshukuru naondoka. Nimewaambia wenzangu wa kikundi chetu pale Zinga tuchange, tupeleke mapezi ya samaki wazazi yakasomwe kabla hatujanunua, kama tunavyopima udongo kabla ya kuchimba. Wawili wamekubali. Mmoja amesema ni mambo ya wasomi. Nitamrudia.

Vile vichupa 20 vya bwawani na 30 vya Wami vimo kwenye friza ya maabara, foleni ni ndefu. Kijana amenieleza hatua zilizobaki: kutoa vinasaba kwenye pezi, kupima kama vimetoka vizuri, kuvisafirisha, kusubiri. Nampigia kila Ijumaa. Ananijibu kwa upole uleule, "Bado, mama mdogo."

Jumamosi iliyopita mjomba alipiga simu niende kituoni Magomeni ya Bagamoyo. Nilimkuta ameshuka na dumu la lita 20 lililokatwa juu, limefunikwa kitambaa kibichi, ndani perege sita, watatu weusi wenye pindo jekundu. Amekaa nalo mapajani njia nzima, akibadilisha maji kila aliposhuka. Akasema kijito kile cha pembeni kinakauka mwaka huu mapema, na yeye miguu si ile.

Nimewaweka kwenye simtanki peke yao, mbali na mabwawa, upande wa jikoni. Kwenye ubavu wa tanki nimeandika kwa chaki, WAMI, WASICHANGANYWE, na mvua ilipofuta jana nimeandika tena kwa rangi.